Riwaya za likizo ya kiangazi: zipi zinastahimili ufukwe, zipi zibaki kabatini

Orodha nyingi za vitabu vya likizo hupanga riwaya kwa aina: mapenzi huku, upelelezi kule, historia pale. Mpangilio huo haumsaidii sana mtu anayefunga begi. Ndani ya aina moja mna riwaya itakayosomwa kwa raha ufukweni na nyingine itakayokwama ukurasa wa thelathini, ijapokuwa zote mbili zimeandikwa vizuri. Kinachozitenganisha ni namna kila moja inavyostahimili kukatizwa, kwa sababu msomaji wa likizo hukatizwa mno. Anasoma robo saa, anaitwa majini, anarudi na vidole vimelowa, anapitia kurasa nne, usingizi unamchukua, kisha hagusi kitabu hadi kesho jioni. Riwaya zinazotajwa hapa zimepimwa kwanza kwa kipimo hicho, sifa nyingine baadaye.

Tuanze na hesabu, maana wengi hukosea hapo kabla hata ya kuchagua. Ukurasa wa riwaya ya kawaida hubeba maneno kati ya 250 na 300, na mtu mzima asiye na haraka hupitia kurasa kama 30 kwa saa. Watu hudhani likizoni watasoma saa nne kwa siku. Ukiondoa safari, kuogelea, milo na maongezi, inayobaki ni saa moja, pengine moja na nusu. Kwa wiki nzima hizo ni kurasa 210 hadi 315, yaani riwaya moja ya ukubwa wa kati. Beba hiyo moja, pamoja na nyingine nyembamba ya akiba. Likizo ikiwa ya wiki mbili, ongeza moja tu. Anayebeba sita huishia kuchaguachagua na kurudi na vitabu sita vilivyosomwa robo. Akiba nayo iwe ya aina tofauti kabisa na ile ya kwanza. Ukichoshwa na riwaya ya mauaji siku ya tatu, huenda umechoshwa na mauaji yenyewe, na maiti nyingine haitakusaidia.

Kitabu kikiwa mkononi, tazama urefu wa sura. Sura za kurasa 8 hadi 15 ndizo zinazofaa, kwa kuwa huisha ndani ya nusu saa na unakifunga kitabu mahali ambapo mwandishi mwenyewe amekusudia upumzike. Sura za kurasa 40 zisizo na hata nafasi tupu ya kutenganisha tukio na tukio hukulazimisha kuacha katikati ya maongezi. Kesho yake unarudia kurasa tatu ili ukumbuke nani alikuwa akimjibu nani. Marudio hayo yakizidi, msomaji husema kitabu kinachosha, ilhali kilichomchosha ni mahali alipokuwa akiachia.

Kisha soma ukurasa wa kwanza na ukurasa wa 70 au wa jirani yake. Ukurasa wa kwanza hupigwa msasa na mwandishi na mhariri kuliko kurasa zote, kwa hiyo peke yake hauaminiki. Wa 70 ndio unaoonyesha mwendo wa kila siku wa kitabu. Ukikuta humo mtu anataka jambo fulani na mwingine anamzuia, hata kama hujui wao ni nani, riwaya hiyo itakuvuta. Ukikuta maelezo ya mandhari yakifuatwa na maelezo ya ukoo, na baada ya hapo maelezo ya nyumba, ngoja msimu wenye utulivu zaidi. Hesabu pia majina ya watu katika kurasa kumi za mwanzo. Yakizidi saba au manane na bado hujamjua hata mmoja kwa tabia yake, jiandae kurudi nyuma kila siku.

Maelezo ya jalada la nyuma yasomwe kwa ajili ya mahali na wakati wa kisa tu. Sifa zilizopangwa chini yake hazikuambii lolote. Na riwaya kongwe zikichapwa upya na utangulizi wa mtaalamu, uruke. Tangulizi hizo huandikiwa watu waliokwisha kuisoma kazi, na si ajabu mwisho wa kisa ukatajwa katika aya ya pili. Usome ukimaliza, utaufurahia zaidi.

Sasa vitabu vyenyewe. Kwa upelelezi, sioni pa kuanzia pazuri kuliko riwaya za Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla. Ya kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, na baada yake zikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine. Huhitaji kuzifuata kwa zamu, kila moja inajitosheleza. Zinafaa likizo kwa sababu fumbo hufumbuliwa kwa mazungumzo. Bwana Msa na kiko chake hukaa, huuliza, husikiliza, na rafiki yake Najum anashangaa pamoja na msomaji. Hata ukikiacha kitabu siku mbili, mazungumzo yanayofuata hukukumbusha kinachojulikana na kisichojulikana. Kiswahili chake ni kitamu kupita kiasi, na ndicho pia kitakachowapa taabu baadhi ya wasomaji, kwa kuwa kina maneno ya Unguja ya miaka mingi iliyopita. Usisimame kufungua kamusi kwa kila neno. Weka alama ya penseli pembeni, endelea. Aghalabu jibu la msemaji wa pili hufichua maana. Anayetaka risasi na magari kufukuzana ataona mambo yanakwenda taratibu mno. Huyo ampe nafasi Willy Gamba wa Elvis Musiba, aanze na Kufa na Kupona ya 1974. Mwendo wake ni wa kasi na sentensi ni fupi. Upungufu ninaouona ni kwamba wahusika wengi wanaomzunguka jasusi huyo, hasa wanawake, wamechorwa juu juu, na ukisoma vitabu vyake viwili mfululizo mshangao unapungua. Kimoja kwa likizo kinatosha.

Katika fumbo la mauaji la kigeni, And Then There Were None ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1939, inastahili nafasi ndani ya begi kuliko nyingine zote alizoandika, na sababu ni ya kiufundi. Watu kumi wanajikuta kisiwani bila njia ya kuondoka, na wanakufa mmoja mmoja kwa kufuata wimbo wa watoto unaotolewa mapema kitabuni. Wimbo huo ni kumbukumbu iliyojengwa ndani ya riwaya: ukipotea, unaurudia na kujua umefika wapi. Tena kadiri kurasa zinavyosonga, walio hai wanapungua, kwa hiyo kitabu kinazidi kuwa rahisi kufuatwa pale ambapo riwaya nyingi za aina hii huzidi kukorogana. Ugumu wote uko katika sura ya kwanza. Humo wageni wanane kati ya hao kumi wanatambulishwa mmoja baada ya mwingine wakiwa njiani, kila mtu na aya zake chache. Ukiisoma sura hiyo kwenye foleni ya uwanja wa ndege utawachanganya hadi mwisho. Isome nyumbani usiku mmoja kabla ya kuondoka, kwa kikao kimoja, na uandike majina manane kwenye kikaratasi pamoja na kazi ya kila mmoja: jaji, daktari, jenerali na wengineo. Kikaratasi hicho ndicho kiwe alama yako ya ukurasa.

Kuna kundi jingine ambalo orodha za kiangazi hulisahau kabisa: riwaya za karne ya 19 zilizotoka kwanza gazetini kwa sehemu sehemu. Zilitungwa zikatizwe. Msomaji wa wakati ule alilazimika kungoja toleo lijalo, hivyo mwandishi alihakikisha kila kipande kinaisha na swali, na kila kipande kipya kinaanza kwa kukumbusha kidogo yaliyopita. Hayo hasa ndiyo anayoyahitaji msomaji wa leo aliyetoka majini. The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas ilichapwa hivyo katika gazeti la Journal des Débats la Paris kati ya 1844 na 1846. Ina sura 117, nyingi zikiwa za kiasi. Baharia kijana, Edmond Dantès, anasingiziwa, anafungwa miaka 14 katika ngome ya Château d'If, na anatoka na nia ya kulipiza. Sehemu ya gerezani hakuna asiyeimaliza.

Lakini hapa pana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni toleo. Riwaya hii huuzwa mara nyingi ikiwa imefupishwa, na tangazo la ufupisho huwekwa kwa herufi ndogo katika ukurasa wa haki za uchapishaji. Toleo kamili kwa herufi za kawaida hupita kurasa 1,000. Ukiona kitabu cha kurasa 500 chenye jina hilo, nusu nzima imekatwa, na kinachokatwa ni mipango midogo midogo ya kisasi, ambayo ndiyo raha yenyewe. La pili ni mahali pa kukwama. Kuanzia sura ya 31 kisa kinahamia Italia, Dantès anajificha chini ya majina mengine, na vijana wawili wageni, Franz na Albert, wanashika usukani hadi karibu na sura ya 38. Wasomaji wengi huachia hapo wakidhani mwandishi amepotea njia. Hajapotea. Albert ni mlango ambao mlipa kisasi atapitia kuingia Paris. Zisome sura hizo kwa siku mbili mfululizo, usizigawe juma zima. Kwa mwendo wa kurasa 30 kwa saa, kitabu kizima ni zaidi ya saa 35, kwa hiyo ni cha likizo ya mwezi. Mwenye wiki moja achukue Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, iliyopitia njia hiyo hiyo ya gazetini kabla ya kuwa kitabu mwaka 1883. Ina sura 34 fupi, na ndiyo ninayompendekezea mzazi anayetaka kitabu kimoja cha kusomewa familia nzima kwa sauti.

Kwa wiki moja tu, na msomaji mmoja anayetaka kisa cha watu badala ya fumbo, namba moja kwangu ni Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa kumzaa, anaikimbia ndoa hiyo, anaangukia katika maisha ya mtaani na rafiki yake Mwajuma, na katika mapenzi na Denge, kijana anayesakwa na serikali ya kikoloni Zanzibar. Ni riwaya ya siasa, na neno hilo limewafukuza wasomaji wasiopaswa kufukuzwa. Inasomeka kwa urahisi kwa sababu anachotaka Yasmin hakibadiliki: aishi atakavyo, na amtakaye. Ukikumbuka hilo pekee unaweza kukiokota kitabu popote ulipokiacha. Mazungumzo ni ya watu wanaotaniana na kugombana kweli, ngoma na pombe zimo, na polisi wanapogonga mlango moyo unadunda. Filamu iliyotokana nayo, ya Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021. Anayepanga kuitazama aanze na kitabu, maana filamu haina nafasi ya kubeba kila mkasa.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, inaifuata kwa karibu. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anasimulia mwenyewe safari ya kumtafuta baba asiyemjua. Msimulizi mmoja, njia moja, swali moja: ni muundo unaostahimili kukatizwa kuliko karibu zote nilizotaja. Wengi walikisoma kitabu hiki shuleni wakipigia mistari tamathali za usemi kwa ajili ya mtihani. Wakisome upya bila penseli. Utani wake na mapenzi yake kwa lugha havionekani vizuri mtu akiwa anawinda alama. Dosari yake ni sadfa. Watu wanakutana kwa bahati mara nyingi kupita kawaida, na msomaji anayedai kila jambo liwe na sababu atanung'unika katika theluthi ya mwisho.

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka mwaka 2022, miaka 28 baada ya kitabu cha asili. Mvulana Yusuf anatolewa na wazazi wake kwa tajiri Aziz kufidia deni, na baadaye anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara. Ni nzuri sana, lakini chagua likizo yake. Uzito wake uko katika yale ambayo Yusuf haelewi na msomaji anayaelewa, na mambo hayo hupotea pakiwa na kelele. Inafaa nyumba ya mapumziko yenye baraza, isifae kando ya bwawa lenye watoto. Kwa tafsiri yoyote, hii au nyingine, soma nusu ukurasa wa mazungumzo kwa sauti kabla ya kununua. Ulimi ukijikwaa kwenye maongezi, utajikwaa kitabu kizima.

Wembamba wa kitabu usikudanganye. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi hazifiki kurasa 100 kila moja, zinaingia mfukoni, na kwa sababu hiyo hubebwa na watu wanaotaka kitu cha haraka. Ni kati ya kazi nzito kuliko zote katika riwaya ya Kiswahili: ndoto ndani ya ndoto, falsafa, wahusika wasio na mipaka ya wakati wala mahali. Zinadai kusomwa mara mbili, mezani, bila usingizi. Anayezisoma kwenye kiti cha ufukweni atazichukia bure, na zitakuwa zimekosa msomaji aliyezistahili.

Akiba nyembamba inayofanya kazi ya akiba ni My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite, ya mwaka 2018. Korede, muuguzi wa Lagos, anapigiwa simu na mdogo wake aliyeua mpenzi, kwa mara nyingine, na anakwenda kusafisha. Sura zake ni fupi ajabu, nyingine kurasa mbili tu. Huu ndio muundo wa mtu anayesoma kati ya kituo na kituo. Kiingereza chake ni chepesi. Humo mna kumbukumbu za baba mkatili, na anayekwenda likizo kutuliza majeraha ya aina hiyo ajue mapema.

Kuhusu umbo la kitabu, jua ndilo linaloamua. Kioo cha simu hushindana na mwanga wa jua na hushindwa. Unaongeza mwangaza, betri inakwisha, simu inapata joto na kujipunguzia mwanga yenyewe. Kifaa maalumu cha kusomea, chenye kioo cha wino wa kielektroniki, hurudisha mwanga kama karatasi, kwa hiyo juani kinasomeka vizuri zaidi, na kwa kuwa hutumia umeme zaidi pale ukurasa unapobadilika, chaji hudumu kwa wiki kadhaa. Adui yake ni mchanga kwenye tundu la chaji. Mfuko mwembamba wa plastiki wa kufunga kwa zipu humaliza tatizo hilo, na kioo cha kugusa huendelea kuitikia vidole juu ya plastiki. Kikiingiwa na maji ya bahari, hata kama kimetengenezwa kuhimili maji, kisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kikauke kabisa kabla ya kukichaji. Pakua vitabu ukiwa nyumbani, zima intaneti, kisha fungua kila kimoja hadi ukurasa wa katikati. Baadhi ya programu huonyesha jalada tu, na kitabu chenyewe hakijashuka. Kitabu cha kuazima maktaba ya mtandaoni kina tarehe ya kujifunga. Iangalie isiangukie katikati ya likizo.

Kitabu cha karatasi hakitaki lolote kati ya hayo, ila gundi ya mgongoni hulainika kwa joto. Kisiachwe kwenye dashibodi ya gari lililofungwa, kurasa zitachomoka kwa mafungu. Dukani kitazame kwa juu: ukiona kurasa zimekunjwa vifungu vifungu na kushonwa uzi, hicho kitavumilia. Angalia pia nafasi tupu ya upande wa ndani. Kitabu kinene chenye maandishi yaliyobanwa karibu na mgongo kinahitaji mikono miwili kukishikilia wazi, na kusoma hivyo ukiwa umelala chali hakuvumiliki zaidi ya dakika kumi.

Vitabu vya kusikiliza vinafaa safari ndefu ya gari kuliko ufukwe, kwa sababu mawimbi na upepo hula silabi. Msomaji wa sauti hupita takriban maneno 9,000 kwa saa, hivyo riwaya ya maneno 90,000 ni saa kumi, na ile ya Dumas ikiwa kamili hupita saa 45. Chagua iliyosimuliwa na mhusika mmoja kwa nafsi ya kwanza. Riwaya yenye wasemaji wengi hukuachia kazi ya kukisia nani anaongea, na dereva hawezi kurudisha nyuma kila mara. Sikiliza dakika tano za sampuli gari likiwa linatembea na madirisha yamefunguliwa nusu. Sauti inayosikika vizuri sebuleni huweza kufifia kabisa barabarani.